Matumizi ya Vyombo vya Dijitali katika Kuwakinga Wazee na Maanguko Majumbani

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, masheha na wakaazi wa Unguja na Pemba)



Kisiwani Pemba likitajwa neno kuanguka, jambo la mwanzo linalomjia msikilizaji ni mkarafuu. Na kwa upande wa Unguja, mnazi. Hilo si la kustaajabisha, kwani aangukaye mtini huanguka mchana, mbele ya watu, na habari zake huenea kijiji kizima kabla hajafikishwa hospitali. Mazungumzo haya hayahusu maanguko ya namna hiyo. Yanahusu maanguko madogo, ya kimo cha mtu mwenyewe: babu aliyeteleza msalani wakati wa kutia udhu wa alfajiri, bibi aliyejikwaa kwenye kizingiti kilekile alichokivuka kwa miaka 40, mzee aliyeinuka kitandani usiku akapatwa na kizunguzungu. Maanguko hayo hayana mashahidi, aghalabu hayaandikwi popote, na yakisimuliwa husimuliwa kwa maneno mawili tu: "uzee huo."

Inafaa ieleweke tangu mwanzo kuwa uzee peke yake haumwangushi mtu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, maanguko ni sababu ya pili duniani, baada ya ajali za barabarani, ya vifo vitokanavyo na majeraha yasiyokusudiwa. Shirika hilo linakisia kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu hiyo, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Ripoti ya Shirika hilo ya mwaka 2007 ilieleza kuwa kati ya asilimia 28 na 35 ya watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka, na kiwango hicho hupanda hadi kati ya asilimia 32 na 42 kwa waliotimia miaka 70. Kwa lugha nyepesi, wakikaa wazee watatu barazani, kwa wastani takriban mmoja wao ataanguka kabla ya mwaka kumalizika.

Madhara yanayoogopwa zaidi ni kuvunjika nyonga, na karibu nyonga zote zinazovunjika kwa wazee huvunjika kwa sababu ya kuanguka. Lakini liko jambo la pili ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni muda anaokaa mzee sakafuni baada ya kuanguka. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walieleza kuwa takriban nusu ya wazee walioanguka, na ambao hawakuumia hata kidogo, walishindwa kuinuka bila ya msaada. Mtu akilala sakafuni kwa saa nyingi hupungukiwa na maji mwilini, misuli iliyokandamizwa huharibika na mabaki yake huyaathiri mafigo, ngozi hufanya vidonda, na kifua huingiwa na homa ya mapafu. Mzee aliyeanguka bila ya kuvunjika kitu anaweza kufariki wiki mbili baadaye kwa sababu hakuna aliyejua kuwa ameanguka.

Hapo ndipo vyombo vya dijitali vilipoingilia. Nchi za Ulaya na Marekani zilianza katika miaka ya 1970 kwa kitufe cha kuvaa shingoni, ambacho mzee akikibonyeza hupiga simu moja kwa moja kwenye kituo cha msaada. Baada ya hapo vimekuja vingi: saa zinazotambua maanguko zenyewe, vihisio vya ukutani, mikanda yenye mifuko ya hewa, vitanda vinavyotoa taarifa mzee anapoinuka. Vingine vinauzwa hata katika maduka ya Darajani, na vijana walioko Muscat, Dubai na London huviwekea wazazi wao oda kwa nia njema kabisa. Ni vyema basi kuelewa kila chombo kinafanya nini na hakifanyi nini, ili fedha za familia na za umma zisipotee.

Vyombo hivyo ni vya aina mbili. Aina ya kwanza hutoa taarifa kuwa mtu ameshaanguka. Aina ya pili husaidia mtu asianguke. Sehemu kubwa ya vinavyotangazwa na kuuzwa kwa bei ya juu ni vya aina ya kwanza, na wanunuzi wengi hudhani wamenunua kinga. Saa ya mkononi haimshiki mtu asianguke.

Namna saa hiyo inavyofanya kazi si siri. Ndani yake mna kijidude kinachoitwa akselerometa, ambacho hupima mabadiliko ya mwendo kwa pande tatu. Mtu anapoporomoka, kipimo hushuka kuelekea sifuri kwa muda usiotimia sekunde moja; anapogonga sakafu kipimo huruka juu ghafla; kisha hufuata utulivu. Kompyuta ndogo iliyomo hulinganisha mfuatano huo na mifano iliyofundishwa, na ikiridhika hutoa mlio. Kampuni ya Apple iliingiza huduma hiyo katika saa zake mwezi Septemba 2018: saa ikitambua anguko kubwa na mvaaji asijitikise kwa takriban dakika moja, hupiga yenyewe namba ya dharura na kuwapelekea ujumbe jamaa walioandikishwa.

Ni ufundi mzuri, lakini una mipaka yake. Mwaka 2012 watafiti wa Ulaya walichukua kanuni 13 za kompyuta za kutambua maanguko, ambazo zilipojaribiwa maabara kwa vijana wanaojiangusha juu ya magodoro zilifanya vizuri, wakazipima kwa maanguko halisi 29 ya wagonjwa. Kwa wastani zilitambua asilimia 57 tu. Sababu iko wazi: mzee haanguki kama kijana anayejiangusha kwa makusudi. Huteleza polepole ukutani, huporomoka kutoka kitandani, hushika meza ikamchelewesha, na mashine huona kama amekaa tu. Vyombo vimeboreshwa tangu wakati huo, lakini anguko la polepole bado huvipa taabu. Kwa upande mwingine, mlio wa uongo nao una hasara yake. Mama anayetwanga kinuni au kukuna nazi kwa nguvu anaweza kuishtua saa mara kadhaa kwa siku, na baada ya wiki moja hiyo saa itakutwa kabatini.

Suala la kabati halina budi kutiliwa mkazo. Mwaka 2008 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha uchunguzi uliofanywa Cambridge juu ya watu waliopindukia miaka 90. Wengi wao walianguka ndani ya mwaka mmoja, na takriban asilimia 30 ya walioanguka walikaa sakafuni kwa muda wa saa moja au zaidi. La kushangaza ni kuwa wengi walikuwa na kitufe cha kuita msaada, na miongoni mwa waliokuwa nacho na wakaanguka wakiwa peke yao wasiweze kuinuka, takriban asilimia 80 hawakukitumia. Wapo ambao hawakukivaa, wapo waliosahau, na wapo walioona haya kuwasumbua watu. Ikiwa mzee wa Cambridge aliona haya kumwamsha mfanyakazi anayelipwa kwa kazi hiyo, mzee wa Makunduchi au wa Konde ataona haya zaidi kumwamsha mkwewe saa 9 za usiku.

Kwa hivyo swali la mwanzo si aina gani ya saa inunuliwe, bali nani atakuja ikilia. Saa inayopiga namba ya dharura imetengenezwa kwa mji ambao gari la wagonjwa lina namba ya nyumba, jina la mtaa na njia inayopitika. Katika shehia nyingi za visiwa hivi anayefika kwanza ni jirani, na jirani hafikiwi kwa setilaiti. Kijana aliyeko Dubai akipokea ujumbe kuwa mama yake ameanguka Mtambwe, atafanya nini isipokuwa kumpigia mtu wa Mtambwe? Basi ni bora huyo mtu wa Mtambwe aitwe mwanzo.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na simu ndogo ya kitochi. Simu nyingi za aina hiyo zina utaratibu wa namba ya haraka, ambapo tarakimu moja ikibonyezwa na kushikiliwa hupiga kwa mtu aliyechaguliwa. Kijukuu chochote cha skuli kinajua kuipanga. Hata kubipu, yaani kupiga na kukata, kunatosha ikiwa jamaa na jirani wamekubaliana kuwa namba hiyo ikilia usiku huenda mtu. Sharti lake ni moja: simu iwe mwilini mwa mzee, wala isiwe juu ya kabati au kwenye chaji chumba cha pili. Kina mama waliozoea kufunga fedha katika pindo la kanga hawatashindwa kufunga simu. Kwa wanaume, kijimfuko cha kitambaa cha kuning'iniza shingoni kinashonwa kwa dakika chache. Na tochi ya simu hiyo, ikiwashwa kabla ya mguu kugusa sakafu, inaingia katika aina ya pili ya vyombo, yaani vinavyozuia.

Ama kuhusu hivyo vinavyozuia, jambo lenye ushahidi mkubwa kupita yote ni mazoezi ya miguu na ya msawazo wa mwili. Mapitio ya kitaalamu ya mwaka 2019 yaliyokusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000 yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza kiwango cha maanguko kwa takriban asilimia 23. Hakuna saa wala kihisio kilichofikia ushahidi wa namna hiyo. Nchini New Zealand, Chuo Kikuu cha Otago kiliandaa katika miaka ya 1990 utaratibu wa mazoezi ya nyumbani mara 3 kwa wiki pamoja na kutembea, ukafanikiwa hata kwa wanawake waliotimia miaka 80. Tatizo lake ni kuwa ulihitaji mtaalamu wa viungo au muuguzi aende nyumba kwa nyumba, na wataalamu hao ni wachache kila mahali.

Australia ndiyo iliyojaribu kuliondoa tatizo hilo kwa njia ya dijitali. Taasisi ya utafiti wa mishipa ya fahamu ya mjini Sydney ilitengeneza programu iitwayo StandingTall, ikawekwa katika vishikwambi na kupelekwa majumbani. Programu humwonyesha mzee zoezi, humpima anavyolimudu, kisha humwongezea ugumu kidogo kidogo hadi kufikia saa 2 kwa wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, kwa washiriki 503 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, waliofuatiliwa kwa miaka 2. Katika miezi 12 ya mwanzo tofauti ya idadi ya maanguko kati ya waliotumia programu na wasioitumia haikuwa ya kuhesabika. Ilipotimia miaka 2, maanguko yalipungua kwa asilimia 16, na yale yenye majeraha kwa asilimia 20. Watumishi wanaopanga bajeti waitazame sana tofauti hiyo ya mwaka wa kwanza na wa pili. Mradi wa miezi 6 wenye hafla ya uzinduzi, fulana na picha za magazetini haungeonyesha chochote.

Hakuna haja ya kusubiri kishikwambi. Video ya dakika 10 yenye sauti ya Kiswahili, ikimwonyesha bibi wa makamo ya wasikilizaji wake akishika ukingo wa baraza na kusimama juu ya vidole, kisha kwa mguu mmoja, kisha kukaa na kuinuka kitini bila ya kutumia mikono, inaweza kusambazwa kwa WhatsApp kutoka mjukuu mmoja hadi mwengine. Lililo muhimu ni kuwa mazoezi yawe na ugumu. Kukaa kitini na kunyoosha mikono, kama inavyofanywa katika sherehe nyingi za siku ya wazee, kunapendeza machoni na hakuzuii anguko.

Katika jambo hili wazee wa visiwani wana akiba ambayo wenzao wa ng'ambo hawana. Aliyezoea kukaa mkekani, kuchutama, kusujudu na kuinuka kila siku amefanya zoezi la miguu maisha yake yote. Kwa sababu hiyo hiyo, siku mzee anapoacha mkeka akahamia kwenye kiti kwa sala zake, familia ichukulie kuwa miguu imetoa taarifa. Hiyo ndiyo wakati wa kumpeleka kituo cha afya, kabla ya anguko la kwanza.

Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi, na kilielezwa na wataalamu tangu mwaka 1991. Mzee hukaa kitini, huambiwa ainuke, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi na akae. Saa ya simu hupima muda. Akitumia sekunde 12 au zaidi, madaktari wa Marekani humhesabu kuwa yumo katika hatari ya kuanguka. Mtu asimame karibu yake wakati wote wa kipimo, kwani lingekuwa jambo la aibu kumwangusha mzee kwa kipimo cha kuzuia maanguko.

Chombo kingine cha dijitali kisichotajwa na wauzaji, lakini chenye faida kubwa, ni mashine ya kawaida ya kupimia presha. Wazee wengi wanatumia dawa za presha, na baadhi yao presha yao hushuka ghafla wanaposimama. Damu huchelewa kufika kichwani, macho huingia giza, na mtu huanguka. Namna ya kugundua ni hii: mzee alale kwa dakika 5 apimwe, kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, namba hizo ziandikwe na zipelekwe kwa daktari. Dawa zisiachwe wala kupunguzwa bila ya ruhusa yake, maana kiharusi nacho humwangusha mtu. Wakati wa mwezi wa Ramadhani kipimo hiki kina umuhimu wa pekee, kwa vile mwili hupungukiwa na maji mchana kutwa, na mzee huinuka kwa daku akiwa na usingizi. Wanaotumia dawa za usingizi na za kisukari waulizwe kwanza kabla ya wengine wote.

Macho nayo yana sehemu yake. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa wanawake waliopindukia miaka 70 waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika jicho la kwanza walipungukiwa na maanguko kwa asilimia 34, ikilinganishwa na wale waliokuwa bado wakisubiri zamu. Hapa pana habari njema kutoka jirani. Programu ya simu ya kupima uwezo wa macho iitwayo Peek ilijaribiwa kwa wakaazi wa Nakuru, Kenya, wenye umri wa miaka 55 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa simu ilikaribiana na vipimo vya kliniki, ingawa iliyatumia majumba ya watu kama chumba cha kupimia. Mhudumu wa shehia hahitaji kuwa daktari wa macho ili ajue nani apelekwe.

Taa zenye kihisio cha mwendo, ambazo huwaka zenyewe kwa kuhisi joto la mwili linalopita, zimekuwa za bei nafuu, na nyingi hujichaji kwa jua. Taa moja kati ya kitanda na choo, na nyengine mlangoni mwa choo cha nje, ina thamani kuliko vihisio 5 vya ukutani. Mkaazi wa Unguja hana haja ya kukumbushwa kwa nini taa ya jua inafaa zaidi kuliko ile ya kuchomeka: mwezi Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 kwa takriban miezi 3. Chombo chochote kinachomlinda mzee na kinachozimika pamoja na umeme kitazimika usiku ambao anakihitaji zaidi.

Yapo mambo ambayo dijitali haiyawezi na yasilazimishwe. Nyumba za Michenzani zina ngazi ndefu, na mzee wa ghorofa ya juu hapandishwi na programu. Ngazi za Mji Mkongwe ni za mwinuko mkali na vikanyagio vyake vimelika. Katika sehemu hizo dawa ni mkono wa ngazi wa pande zote mbili, rangi nyeupe kwenye ukingo wa kila kikanyagio, na saruji iliyokwaruzwa msalani badala ya marumaru inayoteleza. Fundi wa kawaida anaziweza kazi hizo kwa siku moja. Ingekuwa kichekesho kumvalisha mzee saa ya shilingi laki kadhaa na kumwacha na ndara zilizokatika kamba.

Kamera inahitaji maneno ya peke yake. Baadhi ya familia, hasa zenye watoto nje ya nchi, zimeweka kamera vyumbani mwa wazazi ili kuwaangalia kwa simu. Nia ni huruma, lakini mzee ni mtu mzima mwenye stara yake. Maanguko mengi hutokea chumbani na msalani, mahali ambapo mtu hujivua nguo, na hapana mwanamke wa makamo atakayeridhia mwanawe wa kiume, achilia mbali fundi asiyemjua, amwone katika hali hiyo. Katika nchi nyingine vinatumika vihisio vya rada, ambavyo hutambua kuwa mtu yuko chini bila ya kuchukua sura yake. Hivyo ni afadhali, ingawa bei yake bado ni kubwa. Kanuni inayofaa ni kuwa chombo chochote kisiwekwe ndani ya chumba cha mzee mpaka aelezwe kwa lugha anayoifahamu kinaona nini, kinampelekea nani, na kinazimwa vipi. Akikataa, amekataa. Wanaokubali kwa kulazimishwa ndio wanaofunika kamera kwa kanga siku ya pili.

Kwa upande wa Serikali, msingi umeshajengwa kwa shughuli nyingine, na kazi iliyobaki ni kuuongezea. Mpango wa Jamii ni Afya, ambao wahudumu wake wa kujitolea hutembelea majumba wakiwa na simu janja, ulifikishwa katika wilaya zote 11 za Zanzibar mwaka 2021. Ulianzia kwenye afya ya mama na mtoto. Nyumba ile ile anayoingia mhudumu kumpima mtoto, mara nyingi ndiyo anayoishi bibi yake. Muongozo wa kimataifa wa kuzuia maanguko uliotolewa mwaka 2022 unapendekeza maswali 3 mepesi: Je, umeanguka katika mwaka uliopita? Je, unahisi huna uthabiti unaposimama au kutembea? Je, una hofu ya kuanguka? Maswali hayo yanaweza kuingizwa ndani ya simu hizo kwa gharama ndogo kuliko kununua kifaa kipya, na jibu la "ndiyo" likafuatiwa na kipimo cha mita 3, cha presha na cha macho. Hali kadhalika, Pensheni Jamii, iliyoanza kulipwa mwezi Aprili 2016 kwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ina orodha ya wahusika. Hata hivyo haifai kumwongezea mhudumu wa kujitolea mzigo juu ya mzigo bila ya kumwongezea posho, na atakayependekeza maswali mapya apendekeze pia fedha zake. Faida ya maswali hayo ni pamoja na kujua idadi, kwani anguko lisiloandikwa halipangiwi bajeti.

Mwisho, wananchi wanaombwa kuzingatia utaratibu ufuatao pindi simu ya mzee inapolia, au anapokutwa sakafuni. Asinyanyuliwe kwa haraka, ingawa huo ndio msukumo wa kila mwenye huruma. Aulizwe kwanza jina lake na mahali panapomuuma. Mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, ichukuliwe kuwa nyonga imevunjika: afunikwe shuka, awekewe mto chini ya kichwa, asipewe chakula kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji, na usafiri utafutwe ambao atalala, si wa kukalishwa bodaboda. Asiyeumia asaidiwe kugeuka ubavu, kisha apige magoti na mikono, asogezewe kiti imara na ainuke mwenyewe kwa kukishika, mtu akiwa nyuma yake. Hata akisimama mzima, tarehe na saa ya anguko ziandikwe na mhudumu wa afya aarifiwe, kwa sababu aliyeanguka mara moja ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuanguka tena.

Majina 3 ya waitikiaji, wawili kati yao wakiwa majirani wa umbali wa kuitana, yabandikwe kwa maandishi makubwa ukutani na nakala apewe sheha. Siku moja ya kila mwezi, na siku ya kupokea pensheni inafaa kwa vile haisahauliki, mzee abonyeze namba yake ya haraka kwa majaribio, na dakika zihesabiwe tangu simu kulia mpaka mtu kugonga hodi. Zikizidi 10, jina la kwanza katika orodha libadilishwe.